Nilitazama wati, nikasahau koleti

Kabla sijawa na rauta, ile mashine ya umeme ya kuchonga kingo na mifereji ya mbao, kingo za meza zangu zote nilikuwa nazivunja kwa randa na msasa. Meza ya kulia ya watu sita ilikula karibu asubuhi nzima, tena kingo tu, na bado ukipitisha kidole unakuta sehemu moja imelala kuliko nyingine. Jirani yangu hapa Keko, karakana ya tatu kutoka kwangu, kazi hiyohiyo aliimaliza kabla chai yake haijapoa. Nilikuwa nasikia mashine yake inavyolia, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, na kila ikilia najua kuna mteja mwingine anahamia kwake.

Nikadunduliza, nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya mashine.

Winga, wale wanaovutia wateja dukani, alinidaka hata sijamaliza kuvuka barabara. Duka alilonipeleka lilikuwa na rauta mbili. Moja ndogo, ya kushika kwa mkono mmoja, wati 700 na kidogo. Nyingine kubwa, ina vishikio viwili na springi za kuishusha kwenye mbao, wati 2,200. "Bosi wangu, hii inakula mninga kama mkate," akaniambia, mkono ameuweka juu ya ile kubwa. Nami nikapiga hesabu yangu ya haraka: 2,200 ni mara tatu ya 700, basi hata kazi itakwenda mara tatu. Nikabeba kubwa. Ndani ya boksi mlikuwa na biti sita za bure. Nilizifurahia kuliko mashine yenyewe.

Kwa asiyeijua, rauta ni mota iliyosimama wima, imeshika biti yenye meno upande wa chini. Drili ya kawaida huzunguka mara 3,000 hivi kwa dakika. Rauta inaanzia kama 10,000 na ndogo nyingi zinafika 30,000. Biti ndiyo inayoamua umbo: ipo ya kuviringisha kingo, ya kuchimba mfereji, ya kukata ulimi, ya kuweka nakshi. Kinachoishika biti ni koleti, kijibomba cha chuma kilichopasuliwa kwa urefu. Ukikaza nati, kinajibana na kuufumbata mguu wa biti, ile sehemu yake isiyo na meno. Sikuwa na habari nacho. Hata kukitazama dukani sikukitazama.

Kazi ya kwanza ya maana ilikuwa kabati la vitabu la mninga. Mbavu zake, baada ya kuranda, zilibaki na unene wa milimita 20, na nilitakiwa kuzichimba mifereji ya kukalia shelfu, kina milimita 6. Ubavu wa kwanza ulitoka safi mpaka nikamwita kijana wangu aje aone. Kwenye ubavu wa pili, mfereji wa tatu, mlio ukabadilika. Ukawa mzito, wa kukwaruza, na harufu ya mbao kuungua ikaanza. Nikadhani ni ugumu wa mninga, nikasukuma. Nilipozima na kupima, mwanzo wa mfereji ulikuwa milimita 6, mwisho wake 12. Biti ilikuwa inatambaa kutoka kwenye koleti kidogo kidogo wakati nakata, na mimi nimeikalia juu.

Nikasema sikukaza vizuri. Nikatafuta spana ndefu, nikakaza kwa nguvu zote za mwili, nikachukua kipande cha majaribio. Ikashuka tena.

Aibu nikaiweka pembeni, nikaenda kwa jirani. Ni mtu mzima, amekaa na mbao tangu mimi sijazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo umekuja na mashine, siyo kukopa msumeno?"

Akaichomoa biti, akaigeuza mwangani. Mguuni palikuwa na mikwaruzo ya duara, inang'aa, kama pete. Akatoa venia, kile kipimo cha kubana, kwenye droo, akaubana mguu: milimita 6 kamili. Kisha akaitoa ile bushi ya kupunguzia iliyokuja na mashine, kijibomba kinachovalishwa ndani ya koleti ili ishike mguu mwembamba, akaifuta vumbi kwa kidole gumba na kunionyesha maandishi madogo yaliyogongwa ukingoni: 6.35.

"Mwanangu, tundu ni la robo inchi, mguu ni wa sita."

Basi. Tofauti ya milimita 0.35, unene wa karatasi tatu nne za daftari, ndiyo iliyoharibu ubavu wa mninga ambao nilikuwa nimeununua kwa pesa ya mtu. Mtego huohuo uko kwenye biti kubwa: mguu wa milimita 12 na mguu wa nusu inchi, ambao ni 12.7, kwa macho ni mapacha. Kuna nchi zinatengeneza kwa inchi, nyingine kwa milimita, na Gerezani zote zinalala kwenye trei moja. Mashine hiyohiyo inaweza kuuzwa hapa na koleti ya robo, kwingine na ya sita au ya nane. Ukikaza sana huponi, kwa sababu koleti iliyotengenezwa kwa robo haijibani vizuri ikafika sita. Inashika kwa ncha tu. Na bahati yangu ni kwamba biti ilitambaa. Ingeweza kuruka.

Mzee aliniongezea mawili nisiyoyauliza. Biti usiisukume mpaka igonge sakafu ya koleti halafu ukaze. Iingize yote, kisha ivute nje milimita mbili tatu, maana ikigusa chini inaweza kuzuia koleti isifumbate sawasawa. Na usafishe ndani ya koleti. Mimi ninapochonga paina yenye utomvu mwingi, naisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, halafu naikausha kabisa.

Ubavu nilinunua mwingine. Hasara ile sitaki kuitaja kwa tarakimu.

Baada ya hapo ile kubwa ikanionyesha kasoro ya pili, ambayo hata koleti sahihi isingeitibu. Ina uzito wa kama kilo sita. Ukiiweka kwenye ukingo wa meza, nusu ya kitako chake iko hewani, na ukilegeza mkono mara moja inainama na kung'ata mbao. Kwenye fremu nyembamba ya mlango ndiyo usiseme. Kazi zangu nyingi ni kingo, nafasi za bawaba na vitasa, kusawazisha plaiwudi kwa biti yenye beringi, mistari ya urembo. Zote hizo ni kazi za mashine ndogo. Kwa hiyo mwaka uliofuata nilinunua ndogo. Makita RT0700C ni mfano mzuri wa jamii hiyo: wati 710, spidi unaichagua mwenyewe kati ya 10,000 na 30,000. Ile ya wati 2,200 niliigeuza miguu juu nikaifunga chini ya meza ya plaiwudi, biti inachungulia kwenye tundu, mbao ndiyo inayosogezwa. Huko imetulia na inafanya kazi yake halisi, zile biti pana za kuchonga paneli za milango. Biti pana lazima uipunguzie spidi. Yenye kipenyo cha sentimita 8 naizungusha kama 10,000, na siishiki kwa mkono hata nikilipwa.

Ukiniuliza sasa ununue ipi kwanza, nitakwambia ndogo yenye koleti ya robo, kwa sababu biti za robo ndizo ninazozipata kirahisi zaidi hapa. Spidi ya kubadilishwa ni muhimu kuliko wati. Na hela ya ziada weka kwenye biti nne nzuri zenye meno ya kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, siyo kwenye sanduku la biti thelathini. Zile sita za bure zilikuwa chuma kitupu. Kwenye mkongo zilikufa siku ya pili. Hata kabaidi ina adui wake. Mvule una tabia ya kuficha mawe ya chokaa ndani ya mbao, huyaoni mpaka uyasikie, na biti yangu ya kuviringisha ilipokutana nalo moja jino lilimeguka hapohapo.

Kuitumia nako kulikuwa na ada yake. Nilikuwa na meza ya sebuleni ya mama mmoja, topi imeshapigwa msasa, imebaki kingo tu. Nikaanzia kulia kwenda kushoto kwa sababu ndiko waya ulikokuwa umelala. Mashine ikakimbia kama mbuzi aliyekata kamba, ikaruka juu ya kona na kuondoka na kibanzi cha ukubwa wa ukucha. Biti, ukiitazama kutoka juu, inazunguka kama mishale ya saa; ukiisogeza upande mmoja na meno yanavyokwenda inageuka gurudumu na kukukokota. Inatakiwa uende kinyume. Siku hizi nawafundisha vijana kwa mkono: tandaza mkono wa kulia, kiganja chini, gumba lielekee kwenye mbao, kidole cha shahada kinakuonyesha pa kwenda. Kwa ukingo ulio mbele yako ni kushoto kwenda kulia. Ndani ya fremu inageuka, lakini gumba halidanganyi.

Tena naanza na vichwa vya mbao, zile kingo mbili zinazokatisha nyuzi. Huko ndiko mbao inakopenda kupasuka pale biti inapotokea. Ikipasuka kidogo, pasi ya upande wa urefu, yaani mpito wa mashine, inapita na kufuta. Anayeanza na urefu anamalizia kwenye kona iliyobanduka, na hapo hakuna tena cha kufuta. Kwa mninga sizidishi milimita 3 kwa pasi moja, na ya mwisho naifanya nyembamba kabisa ili ukingo utoke laini. Ukiona weusi wa kuungua, aidha biti ni butu au unakwenda kama unasindikiza maiti.

Umeme nao. Nilikuwa natumia ekstensheni nyembamba ya mita 30 tuliyochangia watu watatu, mota inalia kinyonge na kuchemka. Nikanunua waya mnene, ikapona. Mota ikianza kurusha cheche nyingi, tazama kaboni kwanza, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota, zinauzwa pea kwa bei ndogo tu. Na sibadilishi biti kabla sijachomoa plagi, hata Tanesco wakiwa wamekata, maana hawapigi hodi wakirudisha.

Vumbi la rauta ni jembamba kuliko la msumeno. Mninga ulikuwa unanipigisha chafya mpaka usiku, nikaona ni mafua ya kazi. Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani tangu 1995, na nilipolisikia hilo nilinunua barakoa nzito siku ileile. Kijana wangu bado anaivaa kidevuni. Tunagombana.

Mwezi uliopita nilirudi Gerezani kutafuta biti ya mfereji. Winga yuleyule, duka jingine. Akamwaga trei nzima mbele yangu, nami nikatoa venia mfukoni nikaanza kubana mguu mmoja mmoja.

"Bosi, unapima biti kama dhahabu?"

Nilipima saba. Nikachukua mbili.