Kivuli cha Kanna

Tanga, Jumapili jioni, Juni

Leo asubuhi nimeng'oa nusu ya safu ya kanna, maua yenye majani mapana, nilizozipanda mwezi Desemba, nikazisogeza nyuma hatua moja na nusu, na mikono bado inanuka udongo ninapoandika haya. Sikufanya hivyo kwa kupenda. Kanna hizo nyekundu zilikuwa zimefikia kimo cha mita moja na nusu, na wapita njia walikuwa wakisimama kwenye uzio wetu wa waya kuzisifu. Tatizo lilikuwa kivuli chake, na kosa lilikuwa langu tangu siku ya kwanza.

Tuta lenyewe lina urefu wa mita sita na upana wa mita mbili, na linatazamana na baraza ambako mama hukaa kila jioni; uzio uko nyuma ya tuta, upande wa kaskazini. Nilipolipanga nilifuata kanuni ambayo kila anayeanza bustani huambiwa, yaani mimea mirefu ikae nyuma, ya kimo cha kati ifuate, na mifupi iwe mbele. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma pia maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya bustani za Ulaya, ambayo hutaka mimea mirefu iwe upande wa kaskazini ili isiikingie mifupi jua, niliona kanuni hizo mbili zimekubaliana, nikapanda kwa moyo mweupe.

Mwezi Desemba kila kitu kilikwenda sawa. Nilichosahau ni kwamba Tanga iko digrii tano hivi kusini mwa ikweta, na kwamba jua hupita utosini mwetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi jua la adhuhuri huwa upande wetu wa kusini, hivyo kivuli cha kanna kilikuwa kikiangukia uzioni bila kumdhuru yeyote. Baada ya hapo jua lilihamia kaskazini, na sasa, katika siku hizi za Juni, kanna ya mita moja na nusu hutupa kivuli cha sentimita 80 kuelekea kusini hata saa sita mchana, moja kwa moja juu ya potulaka nilizokuwa nimezipanda chini yake. Potulaka ni ua la jua. Lisipopata jua halifumbuki. Kwa wiki tatu nimekuwa nikizimwagilia, nikizitilia samadi na kuzilaumu, kumbe zilikuwa gizani.

Kwa hiyo pale penye kivuli nimepanda koleasi, mimea ya majani yenye rangi nyingi, ambazo hupendeza zaidi zisipochomwa na jua, na potulaka nimezileta ukingoni kabisa, karibu na njia. Ikifika Desemba kivuli kitahamia upande wa pili na koleasi zitapigwa na jua la kaskazi. Hapo nitazipunguza, au nitazikinga kwa makuti, sijaamua bado.

Mama, ambaye hajasoma maelekezo yoyote ya bustani, alikuwa na lawama nyingine. "Mwanangu," alisema mwezi uliopita, "maua yako yamesimama kama watoto wa shule mstarini." Nilicheka, kisha nikatazama vizuri nikaona kweli: mfupi, wa kati, mrefu, kama ngazi, na jicho likishafika juu halina tena sababu ya kurudi chini. Nimejaribu kuuvunja mpango huo wa ngazi kwa kuleta mashada mawili ya mchaichai karibu na mbele, ijapokuwa mchaichai hufika kiunoni, kwa sababu majani yake ni membamba na mtu huona kilicho nyuma yake kama anayetazama kupitia pazia. Kimo peke yake, basi, hakitoshi kuamua mmea ukae wapi. Unene wa majani nao una neno.

Kuhusu rangi nilikuwa na makosa mengi zaidi, na naona haya kidogo, maana lugha yetu yenyewe imechuma majina ya rangi bustanini: kijani kimetoka kwenye jani, na manjano, chungwa, zambarau, kahawia na waridi vyote vilikuwa mimea kabla ya kuwa rangi. Hata hivyo niliziweka zinia za rangi ya chungwa bega kwa bega na vinka za waridi, na kila moja ikaiharibu mwenziwe. Vinka zilionekana kama zimekufa baridi, na zinia zikawa za manjano kuliko zilivyo. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins huko Paris, alieleza jambo hili mwaka 1839 baada ya kupokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Aligundua kwamba nyuzi hazikuwa na kasoro, bali rangi zilizokuwa jirani ndizo zilizobadilisha jinsi macho yanavyouona weusi ule.

Dawa yake niliipata kabatini mwa mama. Katika kanga ya kisutu, wekundu na weusi hukaa pamoja bila ugomvi kwa sababu weupe umepita kati yao, na pindo limeuzunguka mji wote, yaani sehemu ya katikati, likaufunga. Nimetia safu ya vinka nyeupe kati ya zinia na zile za waridi, na ukingo wote nimeuacha uwe wa kijani kimoja. Sijui kwa nini nilihitaji miezi sita kufikiri hivyo ilhali kanga ninazifunga kila siku.

Gertrude Jekyll, Mwingereza aliyekuwa mchoraji kabla ya macho yake kudhoofika, alipanga tuta lake refu huko Munstead Wood kwa kuanza na rangi za kijivu na samawati pembeni, akiongeza joto hadi kufikia nyekundu katikati. Namheshimu, lakini nuru yake si nuru yetu. Rangi zile za upole, zinazopendeza chini ya mawingu ya Uingereza, hapa saa saba mchana hupauka zikawa kama nguo iliyoachwa kambani siku tatu. Jua letu linataka rangi nzito.

Ila jua letu huzama upesi pia, na mama hukaa barazani kuanzia alasiri hadi isha. Nimegundua kwamba baada ya magharibi nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea. Hugeuka nyeusi huku majani yake yakiendelea kuonekana, na nyeupe hung'aa kama imewashwa. Macho ya binadamu ndivyo yalivyo katika mwanga hafifu, wala si kosa la kanna. Jioni hii mama ameniuliza kama nimezing'oa zote.

"Nusu bado zipo, mama," nimemjibu. "Hazionekani tu."

Nyuma ya jiko nina miche tisa ya vinka nyeupe ndani ya makopo ya rangi. Kesho, kabla jua halijakali, nitaipanda mbele ya kanna.