Kumbukumbu ya mradi: doti inayotembea bila kompyuta, na ule ubishi wa Bushnell na Dabney

WIKI YA 1

Haya naanza kuandika kabla sijasahau nilichomeka nini wapi. Mradi wenyewe uko hivi, nataka doti nyeupe itembee kwenye kioo cha tivi bila kompyuta yoyote ndani, hakuna prosesa, hakuna programu, ni chipu za lojiki tu za familia ya 7400, aina ile ile waliyotumia Atari (kampuni ya magemu iliyoanzishwa na kina Bushnell na Dabney, nitawafikia) kwenye Pong, gemu yao ya mpira wa meza ya mwaka 1972. Wengi hawajui kwamba Pong ya kwanza haikuwa na hata mstari mmoja wa kodi, ni chipu sitini na kitu zimeunganishwa kwenye bodi, na ule mpira ni volti tu inayopanda na kushuka kwa wakati wake sahihi.

Nafanya na mshkaji wangu mmoja, yeye yuko vizuri kwenye kuchora sakiti, mimi mkono wangu ndo umezoea kulehemu na kuchomeka. Tumegawana hivyo bila hata kukaa kikao.

Msingi ni kristali ya 14.318 MHz, unaigawa kwa 2 unapata 7.159 MHz, hiyo ndo kloki, yaani mapigo ya umeme yanayoongoza hesabu yote. Ukihesabu kloki 455 umemaliza mstari mmoja wa kioo, ukihesabu mistari 262 umemaliza picha moja, na picha zinakuja kama 60 kwa sekunde. Basi, tivi ya mfumo wa Marekani haihitaji kingine, ukiipa hizo alama za kuanza mstari na kuanza picha kwa wakati inakaa kimya inakutii.

WIKI YA 2

Picha imetulia!! Rezista ya kilo-omu 1 kwa alama za sinki (zile za kuanza mstari na kuanza picha), rezista ya omu 470 kwa nyeupe, zinakutana kwenye waya mmoja unaoingia tivi. Siku mbili nzima picha ilikuwa inatetemeka kama ina homa, tukabadilisha kristali, tukabadilisha waya, kumbe hatukuweka zile kapasita ndogo za maikrofaradi 0.1 kwenye miguu ya umeme ya kila chipu. Tumeweka, imetulia. Sina zaidi ya kusema kwa wiki hii.

WIKI YA 3

Hii wiki ndo imenifanya niandike kwa kirefu.

Mpango ulikuwa kuweka kaunta (sakiti za kuhesabu) mbili za wima zinazofanana kabisa. Ya kwanza inahesabu mistari 262 na kuipa tivi alama ya kuanza picha upya. Ya pili inahesabu mistari hiyo hiyo, na ikifika sifuri inawasha doti. Zikihesabu sawa, doti inasimama pale pale maana kila picha mpya inawaka kwenye mstari ule ule. Tulitaka kwanza doti isimame, kuisogeza tungekuja baadaye.

Tumewasha, doti ikaanza kupanda yenyewe. Taratiiibu, inapanda mpaka juu, inapotea kidogo, inatokea chini, inapanda tena. Nimehesabu kwa saa, mzunguko mzima ni sekunde nne na kidogo.

Tumetafuta kosa karibu saa tatu. Tulichoka mpaka mshkaji akashika kioo cha kukuzia akaanza kusoma namba za chipu moja moja, ndo akaona, kaunta ya kwanza nimeweka 74163 na ya pili nimeweka 74161. Kwa macho ni pacha, miguu ile ile, kila kitu kile kile, tofauti iko kwenye mguu wa kufuta, ule unaorudisha hesabu sifuri. 163 ukiiambia futa inasubiri kloki ijayo, 161 inafuta hapo hapo. Sisi tulikuwa tunakamata namba 261 (ni 256 jumlisha 4 jumlisha 1, geti moja la lojiki aina ya nand la miguu mitatu linatosha), kwa hiyo 163 inaimaliza 261 kwanza, inatoka hesabu 262 ukianzia sifuri, ila 161 ikiigusa tu 261 inaruka sifuri, inatoka hesabu 261. Pungufu moja. Kila picha doti inawaka mstari mmoja mapema zaidi, macho yetu yanaona inapanda. 262 gawa kwa 60 ni 4.4, ndo zile sekunde nne na kidogo!

Yaani tulichokiita kosa ndo mradi wenyewe. Hesabu ikipungua moja doti inapanda, ikizidi moja inashuka, ikiwa sawa inasimama. Hakuna anayehifadhi doti iko wapi, nafasi yake ni ile tofauti kati ya kaunta mbili.

Afu nikakumbuka nilichowahi kusoma kuhusu tivi za zamani, zile zenye kinobu cha kushika picha wima, ukikizungusha vibaya picha nzima inaanza kupanda au kushuka. Ni kitu kile kile! Alama za sinki haziendani na picha, picha inateleza. Na hapo ndo penyewe ulipozaliwa ugomvi wa nani aliunda hii kitu.

BADO WIKI YA 3, USIKU

Sijalala, nasoma. Wacha niweke hapa ninavyoelewa.

Nolan Bushnell ndo anaitwa baba wa biashara ya video gemu. Ted Dabney alikuwa mhandisi mwenzake kule kampuni ya Ampex, California, walikaa ofisi moja. Bushnell aliipenda Spacewar!, gemu ya mwaka 1962 kutoka chuo cha MIT iliyokuwa inaendeshwa kwenye kompyuta kubwa na ghali, akataka kuifanya iwe ya kuingiza sarafu. Walifikiria kompyuta ndogo ya Nova, hesabu ikagoma, mashine ni ghali na kasi haitoshi. Ndo wakaachana na kompyuta wakatengeneza sakiti maalum, na mwishoni mwa 1971 kampuni ya Nutting Associates ikatoa Computer Space, gemu ya kwanza ya video ya kuingiza sarafu kuuzwa kibiashara kwa wingi, zikatoka zaidi ya mashine 1,000. Mwaka 1972 wawili hao wakaanzisha Atari.

Sasa maelezo ya Dabney. Anasema Bushnell alimuuliza kwa nini ukizungusha kile kinobu cha tivi picha inasogea, na je inawezekana kuifanya isogee kwa makusudi. Dabney akamweleza mambo ya sinki, afu akakaa nyumbani kwake, akamhamisha binti yake chumbani akakigeuza karakana, akatengeneza sakiti ya kusogeza doti. Kwa Bushnell hadithi ni ileile ila mhusika mkuu anabadilika, wazo na sakiti ni vyake, na chumba kilichogeuzwa karakana ni cha binti yake yeye. Nimerudia kusoma hapo mara mbili maana sikuamini. Wanaume wawili, kila mmoja anakumbuka kumtoa binti yake chumbani kwa ajili ya doti ile ile.

Kisichobishaniwa ni karatasi. Hataza (hati ya kumlinda mvumbuzi) ya Marekani namba 3,793,483, iliombwa Novemba 1972 ikatolewa Februari 1974, inaeleza jinsi ya kuweka na kusogeza picha kwenye kioo kwa kaunta, na jina la mvumbuzi ni moja tu, Bushnell. Mwaka 1973 Dabney akatoka Atari. Kwa maneno yake Dabney, alianza kuwekwa pembeni kwenye vikao, afu akaambiwa asipouza hisa zake mali za kampuni zitahamishiwa kampuni nyingine na yeye abaki mikono mitupu. Akauza.

Miaka mingi jina lake likawa halitajwi kabisa. Mpaka 2009 ndo mwanahistoria wa magemu Leonard Herman akaandika habari zake kwenye jarida la Edge, na mwaka 2012 Computer History Museum wakamrekodi simulizi yake yote. Alifariki Mei 2018.

Mi nasimama wapi? Namwamini Dabney zaidi kwenye sakiti, na sababu yangu ni ya mtu aliyekaa na hizi chipu wiki tatu. Maelezo yake yanaanzia kwenye kinobu, yanapita kwenye sinki, ndo yanafika kwenye kaunta, ni njia ambayo mtu wa sakiti za video angepita kweli, na Dabney kazi yake ilikuwa hiyo. Ila hapo hapo siwezi kusema Bushnell hakufanya kitu. Doti moja sio gemu. Roketi, visahani vinavyoruka, risasi, kuhesabu pointi, kumtafuta wa kuitengeneza, kumfanya mtu aamini kwamba watu watalipa kwa kitu hicho, kuna kazi kubwa pale na nyingi ilikuwa ya Bushnell. Na kuna kitu watu wakishachagua upande wanakiruka, hawa wawili walikuja kufanya kazi pamoja tena baadaye, Dabney alimtengenezea Bushnell vifaa kwa ajili ya ile migahawa yake ya pizza na magemu. Kama ingekuwa ni uadui mtupu asingerudi. Kama yote yalikuwa sawa nayo, asingeyasimulia kwa uchungu ule miaka arobaini baadaye.

WIKI YA 4

Nilitaka niandike mambo ya chipu tu ila kuna jambo limetokea na siwezi kulificha.

Niliwarushia marafiki video fupi ya doti inayopanda nikaandika "nimeitengeneza". Mshkaji hakusema kitu. Siku mbili kimya, sio kawaida yake. Nikampigia, akaniambia kwa upole kabisa, kaka, wazo la kaunta mbili lilikuwa langu. Mi nikamwambia hapana, langu, nakumbuka mpaka mahali nilipokuwa nimekaa. Na nilikuwa nakumbuka kweli, sikuwa namdanganya.

Tukafungua meseji zetu za zamani. Aliyeuliza "kwani haiwezekani doti iwe na hesabu yake yenyewe?" ni yeye. Aliyejibu "basi tuweke kaunta ya pili" ni mimi, dakika nne baadaye. Aliyechora usiku huo ni yeye. Aliyechomeka chipu isiyo sahihi iliyotuonyesha doti inavyotembea ni mimi, na aliyegundua kwa nini ni yeye. Sasa hapo nani kaunda?

Nimemwomba radhi na nimefuta ile video nikaiweka upya yenye majina mawili, lake likiwa la kwanza. Sisi tulikuwa na meseji za wiki chache zilizopita, kina Bushnell hawakuwa na kitu cha hivyo, walikuwa na vichwa vyao tu na ile hataza yenye jina moja. Ndo maana siku hizi nikisoma mtu anaandika kwamba Bushnell ni mwizi tu basi, au kwamba Dabney alikuwa fundi tu mwenye kinyongo, naona hajawahi kukaa meza moja na mwenzake akaunda kitu. Kumbukumbu inaweza kukosea kwa nia njema. Hataza lakini haijiandiki yenyewe, mtu alikaa na wakili akataja jina moja, na hapo ndo lawama yangu kwa Bushnell inakaa.

WIKI YA 5

Doti inaenda pande nne. Badala ya kufuta kaunta tunaipakia namba ya kuanzia, swichi tatu zinaamua hesabu iwe ngapi, kwa hiyo kasi na uelekeo ni kubadilisha namba tu. Ya mlalo imesumbua zaidi maana kloki ni ya kasi na nyaya za bredibodi (ubao wa kuchomekea bila kulehemu) ni ndefu, tumezifupisha ikakubali.

Nimesoma pia habari za Al Alcorn, kijana aliyeajiriwa Atari 1972 na kuijenga Pong. Bushnell alimwambia kuna mkataba na General Electric wa gemu ya nyumbani. Mkataba haukuwepo, lilikuwa zoezi tu la kumpima. Hii haina ubishi, Bushnell na Alcorn wote wamekuwa wakiisimulia hivyo. Alcorn akaona ramani ya sakiti ya Computer Space haisomeki akabuni ya kwake, akagawa kile kibao cha kupigia mpira vipande nane ili mpira utoke kwa pembe tofauti, na gemu ikapendwa mpaka ile ya majaribio pale baa ya Andy Capp's, Sunnyvale, ikagoma kwa sababu sarafu zimejaa. Alcorn mwenyewe hana kinyongo. Mi ningekuwa nacho, kusema kweli. Kumfanya mtu abane matumizi ya chipu usiku kucha kwa mteja asiyekuwepo, hata matokeo yakiwa mazuri, mimi nisingependa.

Na mwaka 2018 kukaja lingine, waandaaji wa Game Developers Conference, mkutano wa watengeneza magemu, walimtangaza Bushnell kuwa mshindi wa tuzo ya waanzilishi, watu wakapinga kwa sababu ya mambo waliyosema yalikuwa yanafanyika Atari ya miaka ya 70 dhidi ya wanawake, ndani ya muda mfupi tuzo ikafutwa. Bushnell aliunga mkono uamuzi huo na kuomba radhi kwa yeyote aliyeumizwa. Afu baadhi ya wanawake waliofanya kazi pale wakajitokeza kwa waandishi kusema wao hawakuyaona mazingira hivyo. Nimeliweka kwa sababu ni mtu yule yule na ni swali lile lile la nani anaulizwa. Waliokuwemo wangeulizwa kabla ya tuzo kutangazwa na kabla ya kufutwa, sio baada ya vyote viwili.

HALI ILIVYO SAIVI

Doti inatembea, kuta za juu na chini zinairudisha, kibao kimoja kinafanya kazi na cha pili kinasubiri chipu. Tumeanza kuchora bodi ya kudumu na kwenye kila kipande tunaandika herufi ya aliyekichora na ya aliyekilehemu. Inachukua nafasi ila tumekubaliana iwe hivyo.

Kinachofuata ni sauti. Dabney aliwahi kupata mngurumo wa roketi ya Computer Space kutoka kwenye kelele za diodi ya zena, akaikuza tu, basi. Tuna diodi tatu za kujaribu, mshkaji anachora kikuza sauti na mimi nimeshawasha chuma cha kulehemu.