Diwani ya baba, mashairi ya wanawe

Thomas Warton ni wawili, baba na mwana, na wote wamewahi kuwa Profesa wa Ushairi Oxford. Ukikutana na jina hilo tazama mwaka kwanza: baba ni 1718 hadi 1728, mwana 1757 hadi 1767. Mwana ndiye aliyeandika historia ya ushairi wa Kiingereza, majuzuu matatu (1774, 1778, 1781), akakomea karne ya 16. Mwaka 1785 akapata uprofesa wa historia na umalenga wa mfalme.

Tabu iko kwenye diwani ya baba. Mzee alifariki 1745 akaacha madeni. Mwanawe Joseph akakusanya mashairi, akatafuta watu wa kulipia nakala mapema, kitabu kikatoka 1748. Miaka mingi wahakiki wakamsifu mzee kuwa alizitangulia zama zake. Kumbe baadhi ya mashairi yale walitunga wanawe! Mtafiti David Fairer alilionesha hilo mwaka 1975, kwa kupekua miswada ya familia.

Na Thomas mwana ndiye yule yule aliyewaumbua wengine. Mwaka 1782 alieleza kwa nini mashairi ya "Rowley", eti kasisi wa karne ya 15, ni kazi ya kijana Thomas Chatterton: maneno ya kale yamepachikwa, lakini mapigo ya mistari na fikra ni za juzi.

Kipimo hicho kinafaa hata kwa makaratasi ya mashairi ya Kiswahili yaliyomo makashani Wete, Pemba, au Mji Mkongwe, Unguja. Anza na mizani. Shairi la 8 kwa 8 likipungua ghafla, huenda mnakili amelitoa neno la Kipemba akatia la mjini; kina nacho mara nyingi huvunjika hapo hapo. Kisha nenda beti za mwisho za utenzi, ambako mtunzi hujitaja na pengine kutia tarehe ya Hijria. Mnakili aliyechoka huziruka, au hutia jina lake, na wajukuu wakamdhani ndiye mtunzi. Kwenye Kiswahili cha zamani kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ba moja huweza kusomwa b, p au mb, kwa hiyo "paka" na "baka" huandikwa sawasawa. Muktadha na mizani ndivyo vitakavyokuamulia.

Usisahihishe juu ya nakala ya asili. Nakili kwenye daftari jingine kosa kwa kosa, na kila shairi uandike limetoka kwa nani na mwandiko ni wa nani.