Sarandë, upande huu wa maji

Rehema hapendi magofu. Anasema kakulia Mombasa, Fort Jesus kaitazama mpaka kaichoka, na hakutoka Bari, Italia, kuja kulipia kiingilio cha mawe mengine. Mimi wa Tanga nina uchu wa majumba ya kale, bahari naiona kwetu bure. Kwa hiyo safari yetu ya Albania imekuwa ya kupokezana: leo mji mkongwe, kesho kuogelea, na kila mtu ananuna kwa zamu yake.

Tulivuka kwa meli ya usiku, Bari hadi Durrës, bandari ya Albania. (Mtakaouliza habari za viza: kibali cha kuishi Italia kilitutosha.) Tukiwa sitahani Rehema akanisimulia habari ambayo watu wa Bari hawajaisahau. Agosti 1991, meli iitwayo Vlora ilikuwa Durrës ikishusha sukari ya Kuba. Watu wakaivamia, wakamlazimisha nahodha aelekee Italia. Waliteremka Bari kama watu 20,000, wengine walikuwa wamening'inia kwenye milingoti, na wengi wao wakarudishwa kwao. Sisi tulikuwa tunapita maji hayohayo tukilalamikia bei ya kahawa.

Tirana, mji mkuu, sina mengi ya kusema, ni mji wa mikahawa na foleni. Ila msikiti wa Et'hem Bey, pale kwenye uwanja wa Skanderbeg, ulinigusa. Mwaka 1967 serikali ya kikomunisti ya Enver Hoxha ilipiga marufuku dini zote, misikiti na makanisa yakafungwa, mengine yakabomolewa. Huu ulisalimika kwa kuhesabiwa kumbukumbu ya taifa. Tarehe 18 Januari 1991 watu waliingia wenyewe kuswali, utawala ule ukiwa bado haujaanguka. Tulipata Adhuhuri pale. Kuta za ndani na za barazani zimechorwa miti na maua, na bibi mmoja alimsogezea Rehema nafasi bila kumtazama, kama walivyo mabibi wa misikiti yote.

Berat ndiyo iliyoniteka. Nyumba nyeupe zimepandana mlimani juu ya mto Osum, kila moja imejaa madirisha yanayotazama bondeni. Ndani ya ngome kule juu watu bado wanaishi: wanaanika nguo, wanafuga kuku, wanagombana. Kwenye vichochoro kina mama wametundika vitambaa vya kufuma ukutani, wanauza. Nikakishika kimoja. Cheupe, cha duara, kingo za maua, fundo dogo la uzi limefichwa kwa nyuma. Wallahi ni vilevile vilivyofunika makochi ya mama yangu, redio, hata jagi la maji. Rehema akacheka: "Shoga, umevuka bahari kuja kununua kitambaa cha kochi?" Nikanunua. Naye akanunua viwili.

Gjirokastër ni mji mwingine kabisa, mgumu. Hadi mapaa ni vipande vya mawe ya kijivu, na mvua ikinyesha, kama ilivyotunyeshea, mji mzima unang'aa na njia zinateleza vibaya. Majumba ya wenye nacho wa zamani yana orofa juu ya orofa, chumba cha wageni kimechorwa makomamanga juu ya meko, na kwa juu kuna kibaraza chenye wavu wa mbao ambapo wanawake walikaa kutazama wageni bila kuonekana. Kibaraza hicho nilikielewa mara moja, mtu wa pwani hahitaji mtembezi amweleze. Ni mji wa Ismail Kadare, mwandishi, na ni mji wa Hoxha pia. Nyumba aliyozaliwa Hoxha iliungua, ikajengwa upya, siku hizi ni makumbusho ya mila: mazulia, vyombo, nguo za harusi. Ngomeni juu kuna mabaki ya ndege ya jeshi la Marekani iliyotua Albania mwaka 1957. Rehema alipiga picha na ndege, akakataa kupiga na mizinga.

Halafu zamu yake ikafika, ya bahari. Nikamwibia asubuhi moja ya Butrint, kwa kuwa ipo njiani ukivuka Ksamil, kwenye fukwe alizozitaka. Mji wa Wagiriki, kisha Warumi, kisha Waveneti, sasa ni msitu na vinamasi. Jukwaa la tamthilia limejaa maji, kobe wanaogelea walipokuwa wakisimama waigizaji. Lakini nilichokiendea ni ukuta wa pembeni. Umechongwa maandishi ya Kigiriki, herufi ndogondogo zilizobanana: ni kumbukumbu za watumwa walioachwa huru, na majina ya waliowaacha. Nilipitisha macho taratibu ingawa sisomi Kigiriki. Nimefika Bagamoyo mara kadhaa na sikumbuki kuonyeshwa ukuta wenye majina. Rehema, asiyependa magofu, alisimama pale muda mrefu kuliko mimi.

Ksamil yenyewe? Maji mazuri mno, rangi ya kuchekesha, na kila kipande cha mchanga kina viti vya kukodi. Kwetu pwani tungeandamana.

Sasa naandika nikiwa Sarandë, kwenye roshani ya nyumba ya wageni. Ng'ambo ni Corfu, Ugiriki, karibu kiasi kwamba usiku taa za magari zinaonekana zikipanda mlima. Mwenye nyumba ni mzee wa makamo ya baba yangu. Kiitaliano chake ni cha televisheni, cha kuibia usiku enzi za Hoxha, na Rehema ndiye mkalimani. Anasema pwani hii ilikuwa na doria na taa za kumulika majini. Kuna waliojaribu kuogelea hadi kule. Wako waliofika, wako waliopigwa risasi, wako waliozama, na jamaa za aliyetoroka walihamishiwa vijijini mbali. Mimi kwetu nimezoea bahari iliyoleta wageni, majahazi, harusi na madeni. Mtu kuogopa kutazama maji ya mbele ya nyumba yake, hilo limenikaa.

Aliposikia natoka Tanzania nikajitia mwanahistoria. Nikamwambia Oktoba 1971 nchi zetu zilikuwa upande mmoja Umoja wa Mataifa: Albania na wenzake waliwasilisha azimio la kuipa China ya Beijing kiti chake, Tanzania ikiwamo, balozi wetu akiwa Salim Ahmed Salim. Mzee akainua mabega. China, akasema, waligombana nayo mwaka 1978, ikaondoa mafundi wake, wao wakabaki peke yao na mahandaki ya zege. Nikamwambia sisi tulibaki na reli ya TAZARA. Akauliza kama inafanya kazi. Nikamwachia Rehema atafsiri swali lingine.

Tukamuuliza amewahi kufika Corfu. Mara moja, mipaka ilipofunguliwa. Alikaa siku nzima, akanywa kahawa, akarudi. Kukoje? Ghali, akasema, na kahawa yenyewe mbaya.

Rehema kakata tiketi za boti ya kesho saa tatu asubuhi. Anataka kuionja hiyo kahawa.