Jin ya Guangzhou si jin ya Hong Kong

Mama anayeniuzia mboga hapa mtaani Guangzhou hajawahi kunitajia kilo, na huu ni mwaka wa saba. Nikishika fungu la mchicha ananiambia "nne", nami najua ni yuan nne kwa jin moja. Jin ni gramu 500. Nyama, samaki, tangawizi, machungwa, vyote bei yake ni ya jin. Kilo wanayo, wanaiita gongjin, yaani jin ya umma, ila sokoni huisikii mara nyingi.

Tofauti ya jin na gongjin ndiyo iliyonifunza kazi. Mwaka wangu wa kwanza mteja wa Kariakoo aliniagiza chai ya kijani kilo 20. Nikaenda Fangcun, kwenye soko kubwa la chai, muuzaji akaniambia 80. Mimi nikaandika 80 kwa kilo, nikamtumia mteja hesabu ya yuan 1,600, akalipa. Siku ya kuchukua mzigo naambiwa 3,200. Muuzaji hakunidanganya hata kidogo. Chai huuzwa kwa jin, na kilo 20 ni jin 40. Mteja nilikuwa nimeshampa neno langu, kwa hiyo yuan 1,600 zilizobaki nilizitoa mfukoni, na mwezi ule kodi ya chumba niliikopa kwa dada mmoja wa Mombasa. Tangu hapo sitaji bei kwa mteja bila kuandika gramu pembeni.

Zamani jin ilikuwa na liang 16. Mwaka 1959 serikali ya China ikaamua ziwe 10, kila liang gramu 50, hesabu ikawa rahisi. Lakini watu hawakubadilisha msemo wao. Mpaka leo vitu viwili visivyopishana wanasema "ban jin ba liang", nusu jin na liang nane. Sisi tungesema ngoma droo. Kijana aliyezaliwa juzi anausema, ingawa nusu jin yake ni liang tano.

Hesabu ile ya 16 niliielewa vizuri kwa mzee mmoja aliyekuwa akiuza mizizi ya dawa jioni karibu na kituo cha basi. Alikuwa na mizani ya ufito: kijiti cheusi kilicholainika kwa kushikwa, sahani ya shaba upande mmoja, na kipande cha chuma kinachoning'inia kwa uzi, anakisogeza mpaka ufito utulie. Kwenye ufito kuna vidoto vya shaba, na kila kidoto wanakiita nyota. Alinishika kidole akakipitisha juu yake, moja baada ya nyingine. Wachina husimulia kwamba zile 16 ni nyota saba za kaskazini, sita za kusini, na tatu za baraka, cheo na umri mrefu. Muuzaji akimpunja mteja liang moja amejikatia baraka, akipunja mbili amejikatia cheo na pato, tatu amejikatia umri. Ni hadithi, lakini nilipoisikia nilisisimka. Kwetu tumekua tukisomewa Suratul Mutaffifin, "ole wao wapunjao", na huku nao wameiandika kwenye mti wa mizani.

Sasa ukivuka kwenda Hong Kong, usiende na jin ya Guangzhou kichwani. Kule sheria bado inaitambua jin ya zamani, ambayo kwa Kiingereza chao ni catty, gramu 604.78982, nayo ina liang 16. Liang wanaiita tael, gramu 37.8 hivi. Jin yao ni kubwa kuliko ya huku, liang yao ni ndogo. Herufi iliyoandikwa kwenye kibao cha bei ni ileile! Taiwan nako jin ni gramu 600 kamili. Na ukiingia duka la dhahabu Hong Kong, tael inapungua tena kidogo, inakuwa gramu 37.429, kwa hiyo anayenunua mkufu aulize kwanza.

Kule Sheung Wan, kwenye barabara ya vyakula vya baharini vilivyokaushwa, nilisimama mbele ya gunia la majongoo bahari, meusi, magumu kama kuni. Bei ilikuwa ya catty. Nikawakumbuka kina mama wa kwetu wanaoyaokota maji yakitoka, na wanunuzi wanaokuja kuyachukua. Ningependa wajue kipimo kinachotumika mwisho wa safari ile.

Usiku ule nilimpigia simu babu yangu aliyeko Wete, Pemba. Yeye karafuu zake anaziuza kwa kilo siku hizi, lakini mdomoni mwake bado ni frasila, na wachumaji amewalipa kwa pishi maisha yake yote. Dhahabu ya bibi anaihesabu kwa tola, kama wanavyofanya Dubai na vipande vyao vya tola kumi. Nikamweleza habari ya jin. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa frasila moja hiyo ni jin ngapi, mjukuu wangu?"

Nikapiga hesabu. Frasila ni ratili 35, karibu kilo 16. "Thelathini na mbili kasorobo, babu."

Nikamsikia anamwambia bibi.