Tani 38 Zilizokwama Vigwaza

Lori letu, kichwa, tela na mzigo kwa jumla, lilikuwa na tani 38 tu. Semi, yaani kichwa na tela lake, ya ekseli sita (mihimili ya magurudumu) inaruhusiwa tani 50. Bado mizani ya Vigwaza ilituzuia, hata Chalinze hatujafika.

"Kaka, jumla yenu haina shida," mpimaji alimwambia dereva. "Nyuma ndiko kumezidi."

Ekseli tatu za tela mwisho wake ni tani 24. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inavumilia asilimia 5 juu yake, yaani tani 25.2. Zetu zilisoma 27 na ushee. Yadi iliyotupakia ililiweka kontena la futi 20, lenye tani 22, mwisho kabisa wa tela la futi 40 ili milango ifunguke vizuri kwenye ghala la mteja. Likikaa huko, uzito wake wote unaziangukia ekseli za tela. Likikaa katikati, theluthi moja hivi inabebwa na kichwa, na nyuma panabaki kama tani 19.

Dawa ni kreni, na lakiri ya forodha kwenye mlango wa kontena haiguswi: unafungua loki nne za kona, unainua, unashusha katikati, unafunga, unapima upya. Loki za katikati zilikuwa zimeshika kutu kwa kukaa bila kutumika, ikabidi zimwagiwe dizeli na kugongwa nyundo. Kreni ilifika kesho yake kwa bei ya kuumiza. Usiku tulilala ndani ya kabini kwenye joto na mbu, na chai kwa chapati mbili iliuzwa kama wali nyama.

Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, tukapita. Isaka ndipo nilipoanza kuwaza kwetu Ngara, mpakani. Bandari kavu, yaani yadi ya kontena mbali na bahari, ipo pale kando ya reli ili mzigo wa Rwanda na Burundi uje kwa behewa, lori limalizie tu kipande cha Rusumo au Kabanga. Mabehewa yakiwa haba, lori linabeba njia nzima, na kila usiku wa kukwama unaingia kwenye bei ya mabati tunayonunua.

Tangu Julai 2016 kontena halipakiwi melini bila uzito wake kuthibitishwa, kwa hiyo tani 22 zilijulikana mapema. Kisichopimwa ni jinsi lilivyokaa juu ya tela. Bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, imezinduliwa Julai 2025, na yadi nyingine zitajengwa: kila moja iwekewe mizani ya ekseli kwenye lango la kutokea, hatua chache tu kutoka kreni ilipo.