RunX Z, cheni ya timing: asubuhi ya kwanza bila mlio

Leo saa kumi na mbili na robo asubuhi, umande wa ziwa ukiwa bado juu ya boneti, nimewasha gari na injini imeshika kimya. Kimya kabisa. Kwa wiki tano nimekuwa nikiamshwa na kra-kra-kra ya sekunde mbili, tatu, upande wa cheni ya timing (inayounganisha krenki, mhimili wa chini unaosukumwa na pistoni, na kemshafti, mihimili ya juu inayofungua valvu), halafu inapotea na injini inanguruma vizuri kana kwamba haikusema kitu. Mlio ule nimeuota usiku. Leo haupo, na hii ni mara ya tatu narekebisha.

Mnaofuatilia gari hili, Toyota Corolla RunX Z, mnaijua injini yake: 2ZZ-GE, cc 1796, ile Toyota waliyoitengeneza na Yamaha, ambayo Lotus nao waliipachika kwenye Elise. Wenye RunX za injini za kawaida, 1NZ na 1ZZ, mtanivumilia, maana ninyi cheni ikilegea kidogo mnaweza kuendesha mwaka mzima. Huku kwangu, mizunguko ikipita 6,000 na kitu, kemshafti inahamia kwenye nundu kubwa na sindano inapanda kuelekea elfu nane. Cheni ikiruka meno hapo, valvu zinaweza kukutana na pistoni, na sina bajeti ya hedi nyingine.

Mpango wa mwaka ulikuwa eksozi, kisha kuandika upya kompyuta. Mlio ulipoanza, mpango ukaenda likizo.

Raundi ya kwanza nilinunua seti nzima kwa mtu anayeuza spea za gari za kasi: cheni "nzito" yenye sahani nene, tenshena ya kuikaza, reli za plastiki za kuiongoza, vyote kwenye boksi moja zuri. Niliichagua kwa sababu ya ule unene. Nilifikiri kama wengi tunavyofikiri, kwamba injini ya kasi inataka cheni nene. Haikuwa hata na pingili za rangi za kulinganisha na alama za gia wakati wa kufunga, ikabidi tuilaze sambamba na ya zamani mezani na kuhesabu pingili moja moja, kisha kuziweka alama kwa rangi ya kucha. Siku ya kwanza mlio ulipungua. Siku ya nne ukarudi kama ulivyokuwa.

Hapo ndipo nilipoanza kupima badala ya kununua.

Pini hadi pini kwenye cheni hii ni mm 8, kwa hiyo nafasi 15 lazima zitoe mm 120 kamili. Lakini huwezi kupima cheni iliyolala mezani, inakudanganya, lazima ivutwe. Mama mdogo anafanya biashara ya dagaa Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, na ana ule mzani wa kuning'iniza, wa ndoano. Nikamwambia, "Mama, niazime mzani siku moja." Akaniuliza nimeanza kuuza sangara? Nikamwambia napima cheni ya gari. Akanipa, akasisitiza urudi kabla ya alfajiri maana mzigo unashuka mapema.

Tukaifunga cheni kwenye boriti ya karakana kule Nyakato, ncha ya chini kwenye ndoano ya mzani, tukavuta hadi kilo 14, nikashika vernia, kipimo cha sehemu za milimita. Napima kutoka ukingo wa kushoto wa pini moja hadi ukingo wa kushoto wa pini ya kumi na tano baada yake, sehemu tatu tofauti. Cheni ya zamani: 120.5, 120.5, 120.5. Imechoka, lakini imechoka sawasawa. Ile mpya nene: 120.1, 120.4, 120.0. Nikarudia mara tatu nikidhani mkono unatetemeka. Namba hazikubadilika. Cheni mpya, yenye siku nne tu ndani ya injini, na tayari kipande kimoja ni kirefu kuliko kingine. Cheni ya namna hiyo inakaza na kulegea kila inapozunguka, na hakuna tenshena duniani itakayoifuata kwa mizunguko elfu nane.

Niseme na hili la unene, maana ndilo lililonipoteza. Cheni "haivutiki" kama lastiki. Inarefuka kwa sababu pini na bushi zake zinasagana, na kinachozisaga zaidi ni oili chafu. Sahani nene hazilindi pini. Zinaongeza uzito, na uzito ukizunguka unajivuta nje wenyewe: kasi ikiongezeka mara mbili, kani hiyo inaongezeka mara nne. Kwa hiyo kutoka elfu nne kwenda elfu nane, cheni nzito inajiongezea mzigo pale pale ambapo mimi nataka ipumue. Kwa injini isiyo na turbo, yenye springi za kiwandani kama yangu, ninachotafuta ni pini ngumu zilizokatwa kwa usahihi, na hilo Toyota wamelifanya tangu mwanzo. Anayefunga kemshafti kali na springi ngumu ana hesabu nyingine, simsemei.

Raundi ya pili basi, cheni jenyuini. Nikaipima kabla ya kuifunga: 120.0 mara tatu. Nilitaka kuibusu. Tukafunga, tukazungusha krenki kwa mkono, alama zikakaa. (Kijana mmoja karakana alishtuka pingili za rangi zilipohama kwenye alama baada ya kuzungusha. Zinahama, hazirudi mpaka mizunguko mingi ipite. Angalia alama za gia, achana na rangi.) Asubuhi iliyofuata nikawasha nikiwa na furaha tele.

Kra-kra. Safari hii sekunde moja, lakini upo.

Nakiri nilikaa kwenye kiti dakika kumi nikitazama usukani. Nilishatumia pesa ya eksozi yote. Cheni nzuri, reli mpya, oili mpya, na mlio ule ule!

Mzee wangu wa karakana ndiye aliyenirudisha kwenye mstari. Akauliza, "Kijana, tenshena umeitoa wapi?" Nikamwambia ni ile ya kwenye seti. "Uliishika kwa mkono ukaona inavyofanya?" Sikuwa nimeishika. "Itoe."

Uzuri wa injini hizi ni kwamba tenshena inatoka kwa nje, nati mbili tu, kava haiguswi. Nikaitoa, nikabonyeza planja, kile kipande kinachochomoza kusukuma reli, kwa kidole gumba. Ikarudi ndani. Kwa kidole gumba! Nikachukua ile ya zamani, niliyokuwa nimeitunza kwenye kopo, nikabonyeza: mbele inakwenda, nyuma haisogei hata unywele, mpaka uinue kile kijino chake. Hapo ndipo kila kitu kikaeleweka. Gari likilala usiku, oili inashuka kutoka kwenye tenshena. Asubuhi, kabla presha haijafika, kinachoshikilia cheni ni yale meno ya ndani peke yake. Meno ya tenshena ya seti yalikuwa yanateleza, kwa hiyo kila asubuhi cheni ilikuwa inapiga reli bila mshikaji hadi oili ifike. Sekunde moja, mbili. Mlio wangu.

Tenshena jenyuini na oringi mpya vimefika juzi kwa basi kutoka Dar. Kufunga ni dakika ishirini: ingiza planja, iwekee ndoano yake, kaza nati mbili, zungusha krenki kinyume cha saa ndoano iachie, kisha irudishe kwa saa na uone reli inasukumwa. Ile hatua ya kurudi nyuma watu wanaisahau, wanawasha injini ndoano ikiwa bado imeshika, halafu wanalaumu cheni.

Kuhusu zana, nina maoni makali kidogo baada ya wiki hizi. Gani ya upepo ni ya kufungulia bolti ya puli ya krenki, si ya kufungia. Kufunga ni kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, na anayekwambia mkono wake unajua toki mpe lori, usimpe 2ZZ. Vernia ya chuma ya kusoma kwa macho imenipa imani kuliko ya betri, ambayo ilibadilisha sifuri kila ilipopata joto. Na silikoni ya kava: mstari mwembamba, basi. Tulipofungua kava tuliona vipande vya silikoni ya fundi wa kabla yangu vikining'inia kwa ndani, njiani kwenda kwenye chujio la sumpu.

Nilipokuwa na kava wazi niliitazama pampu ya oili, inayozungushwa moja kwa moja na krenki, nikakumbuka kwamba kwenye injini hizi ukikosea gia ukashuka badala ya kupanda, gia za pampu ndizo zinazopasuka kwanza. Nimeweka pampu mpya. Bolti za lift, yaani za mfumo wa ile nundu kubwa, nazo nimezitoa kuzikagua, nzima zote mbili. Na sasa ninachokitaka usiku na mchana ni geji ya presha ya oili, ya sindano, nione presha inafika sekunde ya ngapi asubuhi. Eksozi sina hamu nayo tena. Tuko mita 1,134 juu ya bahari, hewa ya hapa haitanipa zile farasi 190 za karatasi hata nikifunga bomba la dhahabu.

Jioni nimekwenda barabara ya Usagara, injini imepata moto, gia ya pili, nikaiachia. Nundu kubwa ikaingia, sauti ikabadilika, ikapanda hadi elfu nane bila kusita. Nikarudi polepole kwa Nyegezi, vioo vimeshushwa, nikisikiliza upande wa cheni.

Mzani nimeurudisha Kirumba, nimeusafisha oili. Mama mdogo anasema bado unanuka gereji.